Mkufunzi na Bibi wa Mnyambe

Kabla hajafungua daftari, Mkufunzi alikuwa na swali moja ambalo kila mwalimu wa historia aliyepita mikononi mwake anaweza kukutajia hata leo: maji uliyooga asubuhi hii yamechotwa na nani? Wageni walidhani ni utani, wakacheka. Yeye alisubiri, chaki mkononi, mpaka mtu aseme ni mke wangu, au nimenunua dumu kwa mwenye baiskeli. Hapo aliuliza huyo naye ameyatoa wapi, bondeni au bombani, na mama yake aliyatoa wapi, na kabla ya bomba ilikuwaje. Saa nzima ilipita hivyo. Ukija kushtuka, ubao umejaa historia ya uwanda mzima, tangu wanawake waliposhuka mabondeni na mitungi kichwani mpaka pampu ya kijiji ilipoharibika wiki iliyopita, na hakuna aliyegusa kitabu.

Sisi tulimwita Mkufunzi. Kwenye barua za serikali cheo chake kilikuwa kirefu zaidi, lakini kazi yake ilikuwa hiyo tu: kuwakusanya walimu wa Historia, Uraia na Maarifa ya Jamii wakati wa likizo, sisi wa Masasi tuliopanda mlima kwa gari la asubuhi pamoja na wenzetu wa Newala, na kutunoa upya. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya nondo. Msimu wa kupulizia mikorosho, nusu ya chumba ilirundikwa mifuko ya salfa, na tulijifunza mbinu za kufundishia huku tukipiga chafya na kufuta macho. Yeye sikumwona akipiga chafya hata siku moja. Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila ninachokijua kuhusu kufundisha kimetoka kwake. Pia nilimdanganya, na ndiyo sababu siwezi kumsimulia kwa raha kama wanavyomsimulia wengine.

Hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Alikuwa mwanamke aliyevaa viatu vya kiume vya kamba. Alipanda bodaboda kwa kukaa upande, boksi la manila na kalamu za wino mapajani, akimfokea dereva tangu Kitangari mpaka Newala, na akishuka alimshukuru kwa heshima zote kana kwamba aliyekuwa anafoka ni mtu mwingine. Kwa sifa alikuwa mkavu. Ukifundisha somo la mfano mbele ya wenzako likakaa vizuri kuliko yote, alisema "sawa", basi. Watu wazima waliibeba sawa hiyo mpaka nyumbani wakawasimulie waume na wake zao.

Somo likikaa vibaya aliuliza nani kakwambia. Aliuliza kwa sauti ya chini, akarudia, akarudia, mpaka ukabaki huna kitu mdomoni isipokuwa "nilisoma mahali". Mwalimu mkuu mmoja, mtu mwenye wajukuu, alitoka nje akakaa kwenye ngazi akalia kwa sababu ya swali hilo. Mkufunzi alimfuata na kikombe cha chai. Hakumwomba radhi, alimtilia sukari vijiko vitatu, akasimama pembeni yake mpaka alipomaliza, akarudi ndani na kikombe. Nilikuwa mgeni bado, na nilijiapiza kwamba swali hilo halitanikuta mimi.

Alikuwa na tabia ya kutuita kwa vijiji tulivyofundisha. Mimi nilikuwa "wewe wa Chiungutwa" kwa miaka miwili mizima. Kuitwa Mama fulani au Baba fulani kulikuwa na bei yake, na bei hiyo ni kumletea simulizi moja iliyokamilika kutoka kwa mzee. Hapo ndipo alipojua una mtoto na mtoto ana jina.

Redio yake ndogo ilikaa mezani muda wote, na saa ya matangazo ya vifo ikifika somo lilisimama. Ilikuwa inatuudhi, hasa wale wenye njaa. Alikuwa na daftari lenye majina ya wazee wa Newala na Masasi wanaojua jambo fulani: huyu alilima kwa Wazungu, huyu alivuka Ruvuma akiwa mtoto wakati wa vita, huyu alikuwa mkunga kabla ya zahanati. Tangazo likitaja jina lililomo, alivuta mstari juu yake kwa rula. Hakusema pole wala nini. Aliangalia tu ni mwalimu gani alikuwa amepangiwa kumwona mzee yule na hajaenda, na huyo aliyeangaliwa alitamani ardhi ipasuke.

Ukweli kwake haukuwa jambo la kuhubiri, ulikuwa kazi ya miguu. Aliwahi kutufundisha kwamba zahanati ya kijiji kimoja ilijengwa na wamisionari. Mwaka uliofuata fundi mwashi mmoja mzee akamwambia matofali yale waliyafyatua wanakijiji wenyewe, na akampeleka nyuma ya jengo kumwonyesha alama ya vidole vyake kwenye tofali. Mkufunzi alikodi bodaboda akazunguka shule zote ambazo walimu wake walikuwa wameandika habari ile. Kwangu alifika saa sita mchana, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilimpa kiti akakataa. Alitaka nitoe daftari la maandalio, nikate mstari ule mbele yake, kisha niwaite watoto wa darasa la sita niwaambie kwamba tulikosea. Alisema tulikosea, ingawa aliyekosea ni yeye. Nilipomaliza aliomba maji ya kunywa, akapanda pikipiki akaenda shule inayofuata.

Wakati naanza kuhudhuria tulikuwa tunajaa chumba mpaka wengine wanakalia mifuko ya salfa. Halafu posho ikakatwa, ikabaki chai na muhogo wa kuchemsha, na walimu wakaanza kuwa na misiba ya shangazi kila likizo. Tukawa ishirini, tukawa kumi na mmoja. Vilipokuja vishikwambi, wakubwa wakasema mafunzo sasa yatakuwa humo humo, kila mtu ajisomee shuleni kwake. Tulitegemea atavipinga. Badala yake alikuwa wa kwanza kujua kurekodi sauti, na alitembea na cha kwake kama mtu aliyetoka kununua redio mpya. Lakini aliendelea kufungua kituo kila likizo, na siku moja nilifika nikakuta ameandika swali lake la maji ubaoni mbele ya viti vitupu. Tulikuwa wawili tu siku hiyo. Alitufundisha mpaka saa tisa, hakupunguza kitu.

Sasa nifike kwenye hiyo simulizi. Kazi aliyotupa ilikuwa na masharti ambayo sijayaona kwa mkufunzi mwingine. Kila mmoja alipelekwa kijiji kisicho chake. Ulikaa na mzee nusu siku, na hukuruhusiwa kuuliza lolote mpaka umemsaidia kazi aliyokuwa nayo mkononi, iwe kupalilia, kubangua korosho au kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini. Ukirudi ulitakiwa kuandika alichosema, alichokuwa anakifanya wakati anasema, na jambo moja alilokataa kukuambia. Hilo la mwisho ndilo alilolitazama kwanza. Alisema mtu asiyekataa kukuambia jambo lolote, basi hujaongea naye.

Mimi nilipangiwa Mnyambe, nikamtafute mzee mwenyewe, kwa kuwa daftari lake halikuwa na jina la huko. Ilikuwa katikati ya msimu, korosho zinaanguka, na shambani kwangu nilikuwa na mikono miwili tu kwa sababu mume wangu alikuwa Mtwara na Shukuru alikuwa bado ananyonya. Niliahirisha Jumamosi ya kwanza, nikaahirisha ya pili. Ya tatu niliokota korosho tangu alfajiri. Jumapili mchana, baada ya kanisa, nilikaa jikoni na kalamu nikamtunga bibi.

Nilimkalisha chini akibangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta yake. Nikamfanya asimulie siku walipohamishwa kwenda kijiji kipya, wakati ule nchi nzima ilipopangwa upya. Wenzake walibeba vyungu, mikeka, kuku. Yeye alishuka bondeni siku mbili kabla, akapanda na mtungi umejaa, akauzika mpaka shingoni kati ya makaburi ya watoto wake wawili ili waliobaki kule wasione kiu. Alihama bila tone la maji. Kwa jambo alilokataa kuniambia, niliandika kwamba alikataa kunionyesha mahali mtungi ulipo. Nilijua nafanya nini. Sehemu hiyo ndiyo iliyofunga mlango, kwa kuwa hakuna ambaye angekwenda kutafuta.

Mkufunzi aliisoma akiwa amesimama dirishani. Aliisoma mara mbili. Hakusema sawa. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya khanga, akaniuliza mtoto wangu anaitwa nani. Tangu siku hiyo nikawa Mama Shukuru, ingawa alipowasomea wenzangu simulizi yoyote hakumtaja aliyeileta.

Ningeweza kusema ukweli siku ile na lingekuwa kosa dogo la mwalimu mchanga. Sikusema. Mwezi uliofuata alitaka twende wote Mnyambe amsalimie bibi, apeleke sukari na doti ya khanga, na mimi kwa hofu nikamwambia bibi amefariki. Nilidhani mambo yataishia hapo. Badala yake, kila mafunzo yalipofunguliwa alituomba tusimame dakika moja kumkumbuka bibi wa Mnyambe. Nilisimama kila mwaka, kichwa chini, na wenzangu waliokuwa karibu yangu waliniwekea mkono begani wakidhani nina uchungu kuliko wao.

Simulizi ile ilisambaa uwanda mzima. Walimu waliifundisha shuleni, watoto wakaipeleka nyumbani. Baada ya miaka kadhaa mwalimu mmoja alirudi kutoka Mnyambe na simulizi ya mzee aliyesema bibi wa mtungi alikuwa shangazi yake, na kwamba yeye akiwa mtoto alimwona akipanda nao kutoka bondeni. Mkufunzi alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Alisema bibi sasa ana shahidi. Mimi nilitoka nje nikatapika muhogo nyuma ya choo, na niliporudi nilimwambia ni harufu ya salfa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mtu mkali kama yule hakwenda hata mara moja kuhakikisha. Alizunguka shule zote kwa ajili ya tofali. Kwa bibi wa Mnyambe hakuzunguka hata nyumba moja. Nilijiambia ni kwa sababu ananiamini, na hilo lilinitesa vya kutosha.

Alistaafu presha ya macho ikiwa imeshamla jicho moja, na la pili halikukaa sana. Alirudi kwao Kitangari kwa mdogo wake wa kike. Kituo nikapewa mimi. Nasema hivi bila majivuno: walibaki wachache wa kuchagua. Yeye alikuwa na kazi moja iliyobaki, kijitabu cha historia ya huku kwetu kwa ajili ya walimu, kilichokusanywa kutoka kwenye simulizi zote tulizomletea. Alikuwa amezinakili kwa mkono kwenye kaunta buku kabla macho hayajazima. Mwaka jana akaniita nikamsomee chote kwa sauti, akiridhika nikipeleke kwa mchapaji Masasi.

Nilimkuta barazani kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, vile viatu vya kamba vimepangwa ukutani. Alikuwa amekonda mpaka shingo ilionekana ndefu. Mdogo wake alimenya ming'oko hatua chache kutoka tulipokuwa, akatuacha akaenda kutafuta maji, maana bomba lilikuwa na siku ya nne halitoi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza walimu wangapi walikuja likizo iliyopita. Nikamwambia tisa. Akatikisa kichwa kama anayepokea habari ya ugonjwa.

Nilifungua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza ulikuwa bibi wa Mnyambe. Alikuwa ameuandika kwa mwandiko mzuri kuliko kurasa nyingine zote, na juu yake ameweka kichwa cha habari kwa wino mwekundu. Nilisoma mistari mitatu nikashindwa. Nilijua kijitabu kikishachapwa hakuna atakayeweza kuzunguka shule zote kukata mistari, na nilijua kwamba aliyepewa kituo cha kufundisha walimu kutodanganya ni mimi.

"Mkufunzi," nikasema, "huyu bibi hayupo."

"Najua. Amefariki."

"Hakuwahi kuwepo. Mimi sikwenda Mnyambe. Nilikuwa naokota korosho zangu."

Nilimtazama usoni nikitafuta hasira, kwa sababu hasira ningeiweza. Mwishowe aliuliza habari za yule mzee aliyesema ni shangazi yake. Nikamwambia sijui, labda aliisikia kwa wajukuu. Akasema kwamba naye yumo humo, ukurasa wa saba, na pengine wako wengine, na sasa macho ya kwenda kuwauliza hana.

Halafu akaniambia jambo ambalo hakuna mwalimu wake aliyewahi kulisikia.

"Tulipohamishwa mama yangu alikuwa na mwezi mmoja kaburini," akasema. "Mimi nilikuwa msichana mkubwa, mtungi nilibeba mimi. Nilitoka nao umejaa, tukafika kijiji kipya, tukanywa. Haikunijia hata kidogo kumwachia. Uliponiletea ile karatasi nikasema, kumbe yupo mmoja aliyekumbuka."

Nililia. Yeye hakulia. Nilimwambia nitauchana ukurasa ule, akainua mkono kunizuia.

"Usichane. Andika chini yake kwamba bibi huyu ametungwa. Na uandike ametungwa na nani. Jina lako, la baba yako na shule yako. Watoto wa watu wanafundishwa hiyo."

Nilichukua kalamu. Alisogeza kichwa upande wangu, sikio likielekea kwenye karatasi, na nikajua anasikiliza mkwaruzo wa wino. Niliandika kwamba bibi huyu hakuwepo, ametungwa. Hapo nikasimamisha kalamu. Nilifikiria wale walimu tisa. Nilimfikiria Shukuru, yuko chuo cha ualimu mwaka wa kwanza, na somo alilochagua ni historia, na kila mtu pale anamwambia anafuata nyayo za mama yake. Nikaandika "na mwalimu mmoja". Nilipoona ni maneno mafupi mno nikaongeza "wa miaka ya nyuma, katika mojawapo ya shule za wilaya hizi", ili kalamu iendelee kukwaruza kwa muda unaotosha jina la mtu, la baba yake na la shule.

Akasema soma. Nikamsomea jina langu. Nikamsomea jina la baba yangu, na la shule. Nilisoma polepole, kwa sauti isiyotetemeka, huku macho yangu yakiwa kwenye maneno mengine kabisa.

"Sawa," akasema.

Alifariki kabla ya mvua za kwanza. Tulimzika Kitangari, walimu wengi kuliko nilivyowahi kuwaona kwenye kituo kwa miaka yote ya mwisho. Kijitabu kilichapwa, na ndicho ninachofundishia likizo hizi. Ukurasa wa kwanza walimu wanaupenda, hasa kwa yale maelezo ya chini yake. Wanasema unafaa sana kuwafundisha watoto kuhoji wanachoambiwa. Wakiniuliza ni mwalimu gani huyo, najibu kwamba haijulikani.